Somo: Mbwa Mzee Anayekohoa Usiku

Wanakikundi, mbwa mzee akikohoa usiku hapa Kaptagat, wengi wetu husema ni baridi tu. Pengine ni moyo: umechoka kusukuma damu, na maji yanajaa mapafuni au tumboni.

Mwangalie akilala. Kifua kikipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Hesabu dakika nzima. Zikizidi 30 kila ukihesabu, mwite daktari wa mifugo. Akihema kwa shida, usingoje kukuche.

Hatapona kabisa, ila atapata nafuu. Dawa ya kukojoza, furosemaidi, hupunguza hayo maji, lakini kipimo ni cha daktari. Usimgawie vidonge vya presha vya babu! Atakojoa sana, basi usimnyime maji ya kunywa. Ugali wake usitiwe mchuzi wa chumvi. Kukimbiza ng'ombe amwachie mbwa kijana.