Mtoto wa Nyoka na Aliyeumwa na Nyoka: Methali, Laana na Urithi wa Makosa katika Bonde la Ufa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza swali la kale: je, makosa na masaibu ya wazazi huwafuata watoto na wajukuu? Swali hilo linatazamwa kupitia methali za Kiswahili, dhana ya laana katika jamii za Bonde la Ufa, historia ya eneo hilo, na riwaya mbili. Inahojiwa kwamba kinachorithiwa si hatia bali ni jeraha, na pamoja na jeraha hilo, wajibu wa kulitibu.

Utangulizi

Katika mji wa Nakuru na viunga vyake, kuanzia Molo hadi Naivasha, si ajabu kusikia familia fulani ikisemwa kwamba ina laana. Babu alikuwa mlevi, baba akawa mlevi, na sasa mjukuu ameanza kuonekana kilabuni. Binti ameachika kama mamake alivyoachika. Mahubiri ya kuvunja laana za ukoo huwavuta wengi, na wazee nao huitwa kufanya utakaso. Wasemaji wa pande zote huegemea methali moja: mtoto wa nyoka ni nyoka.

Methali hii hufundishwa shuleni, hufafanuliwa, kisha mwanafunzi huombwa atoe nyingine yenye maana sawa. Ni nadra kuulizwa inatumiwa na nani, dhidi ya nani, na kwa matokeo gani. Swali hilo lina uzito wa pekee katika eneo ambalo watu wamewahi kufukuzwa makwao kwa sababu ya waliowazaa.

Methali Zinazopingana

Ni dhahiri kwamba Kiswahili hakina kauli moja juu ya jambo hili. Upande mmoja zipo methali zinazotilia nguvu nasaba: mtoto wa nyoka ni nyoka, maji hufuata mkondo, mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Upande wa pili zipo zinazotilia nguvu malezi: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, samaki mkunje angali mbichi, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Hata hivyo, methali za kundi la kwanza zenyewe hazifanani. Mwana wa mhunzi hazaliwi akijua kuvukuta. Hujifunza kwa kuwa amekulia karibu na mivuo. Maji nayo hufuata mkondo kwa sababu mkondo umekwisha kuchimbwa, na mkondo waweza kugeuzwa. Ni methali ya nyoka pekee inayodai kwamba tabia imo katika damu na haina dawa. Kwa hiyo si sahihi kuzifundisha zote tatu kana kwamba zina maana moja.

Mvutano huu haupo katika Kiswahili tu. Katika Biblia, kitabu cha Kutoka, sura ya 20, kinataja uovu wa baba kupatilizwa wana hadi kizazi cha tatu na cha nne. Lakini Ezekieli, sura ya 18, anaanza kwa kuikataa methali iliyotumiwa na Waisraeli kusema kwamba watoto huteseka kwa walichokula baba zao, na anasisitiza kwamba kila mtu atabeba dhambi yake mwenyewe. Kurani nayo, katika sura ya Al-An'am, aya ya 164, inafundisha kwamba hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Inafaa kuzingatiwa kwamba hoja ya Ezekieli inaanza kwa kuzuia methali isitumiwe. Alitambua kwamba usemi unaorudiwa huweza kuwafanya watu wakate tamaa ya kubadilika.

Laana na Radhi

Jamii za Bonde la Ufa zina istilahi zao kuhusu jambo hili. Wakikuyu hutofautisha thahu, yaani unajisi unaompata mtu kwa kuvunja mwiko, na kirumi, yaani laana ya mzazi, hasa ile inayotolewa anapokaribia kufa. Wakalenjin wana neno chubisiet kwa maana ya laana. Katika mapokeo hayo laana haikuwa ajali isiyo na chanzo. Ilikuwa na kosa linalojulikana, mtu aliyekosewa, na njia ya kuiondoa kwa maungamo, fidia na utakaso mbele ya wazee.

Msamiati wa Kiswahili unathibitisha mantiki hiyo hiyo. Kinyume cha laana ni radhi, na radhi huombwa. Hadi leo, anayemkosea mwenzake humwomba radhi. Laana ya ukoo inavyozungumzwa siku hizi aghalabu imepoteza sehemu hizo. Hutajwa laana bila kutajwa kosa, wala aliyedhulumiwa, wala kinachopaswa kurejeshwa. Kilichobaki ni hofu tu.

Ukoo Ulioadhibiwa

Mfano wa ukoo wa Talai unaonyesha jinsi masaibu yanavyoweza kudhaniwa kuwa laana ilhali chanzo chake kinajulikana. Kimnyole, Orkoiyot wa Wanandi, aliuawa na watu wake mwenyewe yapata mwaka 1890 baada ya kulaumiwa kwa maafa yaliyoipata jamii. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliongoza upinzani dhidi ya Waingereza hadi alipouawa kwa hila tarehe 19 Oktoba 1905. Mwana wa Koitalel, Barsirian arap Manyei, alikamatwa mwaka 1923 na kuzuiliwa kwa takriban miaka 40. Babu, baba na mjukuu: wote watatu walipatwa na janga.

Msikilizaji wa juujuu atasema ukoo huo ulilaaniwa. Lakini vifo na vifungo havikutoka katika damu. Koitalel aliuawa kwa sababu alisimama mbele ya dola iliyotaka ardhi na njia ya reli, na mwanawe akazuiliwa kwa sababu dola ileile iliogopa jina lake. Aidha, mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria maalumu ya kuwahamisha Watalai wa upande wa Wakipsigis hadi Gwassi, karibu na Ziwa Victoria. Wazee, wake na watoto wachanga walipelekwa huko, na hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1962. Sheria hiyo haikuuliza nani alitenda nini. Iliuliza nani alizaliwa na nani. Kwa maneno mengine, serikali iliyojiita ya kistaarabu iliandika katika sheria kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka.

Kutoka Olenguruone hadi Madoadoa

Katika eneo la Nakuru, urithi huo umejitokeza zaidi katika ardhi. Mkataba wa mwaka 1904 uliwaondoa Wamaasai katika nyanda za Naivasha na Nakuru ili kuwapisha walowezi. Mwaka 1941 Wakikuyu waliokosa makao waliwekwa Olenguruone, kisha wakafukuzwa kufikia mwishoni mwa mwongo huo. Baada ya uhuru wengine walinunua mashamba au kupewa makao katika bonde hilo, huku jamii nyingine zikiona ardhi ya mababu zao ikipita mikononi mwa wageni kwa mara ya pili. Mapigano yalizuka mwaka 1992 sehemu za Molo na Olenguruone, mwaka 1998 huko Njoro, na Januari 2008 katika miji ya Nakuru na Naivasha. Tume ya Waki ilihesabu vifo 1,133 nchini kote katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa mwaka 2007.

Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka mitano mwaka 1992 alikuwa kijana wa miaka 20 hivi mwaka 2008. Aliyekuwa amebebwa mgongoni akikimbizwa huenda sasa ndiye aliyekimbia akiwa na mtoto mgongoni. Katika vipindi hivyo lugha ya Kiswahili ilitumika vibaya: majirani waliitwa madoadoa yanayopaswa kufutwa, na kwekwe inayopaswa kung'olewa. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa iliyaweka maneno hayo katika orodha ya semi za chuki. Doa na kwekwe, kama nyoka, ni sitiari zinazomnyima mtu matendo yake na kumwachia asili tu.

Hapa ndipo methali nyingine ya nyoka inapofaa zaidi: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii haisemi juu ya damu ya nyoka bali juu ya kumbukumbu ya aliyeumwa. Utafiti unaiunga mkono. Uchunguzi ulioanza California katika miaka ya 1990 na kuhusisha watu zaidi ya 17,000 ulionyesha kwamba kadiri mtu alivyokumbwa na madhila mengi utotoni, ndivyo uwezekano wa ulevi, huzuni na maradhi unavyoongezeka ukubwani. Lakini uwezekano si hukumu. Wengi walioumwa hawakuwa nyoka.

Ushahidi wa Riwaya

Watunzi wa Kiswahili wamelishughulikia suala hili kwa undani. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna anafungiwa nyumbani na babake, Bwana Maksuudi, na anapotoka anaangukia maisha ya dhiki. Maimuna hakurithi uovu wa babake. Alirithi matokeo yake, yaani kutojua ulimwengu aliofichwa.

Katika Kidagaa Kimemwozea (2012), Ken Walibora anampa mtawala dhalimu jina la Nasaba Bora. Kinaya kimo katika jina lenyewe, kwani ubora wa nasaba hauonekani katika matendo. Mwanawe, Madhubuti, anakataa kufuata njia za babake. Endapo methali ya nyoka ingekuwa kweli daima, mhusika kama Madhubuti asingeaminika. Ilhali wasomaji wanamwamini bila shida.

Hitimisho

Kutokana na mjadala huu, inabainika kwamba hatia hairithiwi. Jeraha hurithiwa, na mali pia hurithiwa. Katika sheria ya mirathi ya Kenya, madeni ya marehemu hulipwa kutokana na mali aliyoacha kabla warithi hawajagawana. Mtoto hafungwi kwa deni la babake, lakini pia hachukui shamba na kulikana deni lililo juu yake. Kipimo hicho kinaweza kutumika katika masuala ya dhuluma. Mjukuu wa mdhulumu si mdhulumu, ila akishika kilichoporwa huku akijua, basi analo la kujibu.

Kwa walimu na wanafunzi wa Kiswahili, wajibu uko wazi. Methali ya mtoto wa nyoka isifutwe katika vitabu, kwa kuwa kuificha hakuiondoi midomoni. Ifundishwe pamoja na ile ya aliyeumwa, na darasa liulizwe ni ipi inayoeleza vyema maisha ya Molo, Njoro au Olenguruone. Katika darasa lolote la Nakuru yumkini wamo wajukuu wa waliofukuza na wajukuu wa waliofukuzwa, wameketi dawati moja. Mkondo uliochimbwa na mababu waweza kugeuzwa na walio hai, mradi wakubali kwanza kuutazama.