Somo: Anapokataa kula, tusiseme upesi kwamba anadharau



Kambi nyingi za kandokando ya Goma zilivunjwa Februari 2025, na familia nyingi zikapokelewa na ndugu au majirani. Katika nyumba ya namna hiyo, mgeni akisukuma sahani, mwenyeji husema: "Anadharau chakula chetu." Wengine husema amerogwa. Hapo ugomvi huanza, na mgonjwa huchelewa kutibiwa. Tujifunze kutofautisha.

1. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5

Pimeni katikati ya mkono wake wa juu, wa kushoto, kwa utepe wa rangi. Chini ya sentimeta 11.5 (nyekundu) ni hatari. Kati ya 11.5 na 12.5 (njano) afuatiliwe. Kisha bonyezeni miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde 3. Shimo likibaki kote kuwili, ni dalili ya bwaki, hata kama mtoto anaonekana mnene. Bwaki si uchawi. Kituoni watampa chakula-dawa cha karanga ili waone kama anakula. Akikikataa, hulazwa hospitalini.

2. Kijana au mtu mzima

Kwanza ulizeni: chakula kipo? Mama asiyekula ili watoto washibe ana njaa tu. Kama chakula kipo naye hali, tazameni:

- Ana homa, vidonda mdomoni, au ni mjamzito? Mwili upimwe kwanza.
- Hapati usingizi, anashtukashtuka, anajitenga? Huenda ni huzuni au woga wa aliyoyapitia.
- Anajitapisha, anaogopa kunenepa ingawa amekonda? Huenda ni ugonjwa wa ulaji. Nao hupata wasichana na wavulana, Ulaya, Uarabuni na Afrika pia.

3. Kazi yetu viongozi

Kutambua dalili ni kazi yetu sote. Kutaja jina la ugonjwa ni kazi ya muuguzi au daktari. Tuzungumze na mgonjwa faragha, wala tusimlazimishe. Aliyekaa siku nyingi bila kula asishibishwe ghafla, kwani anaweza kufa. Apelekwe kituo cha afya. Aliyebakwa afikishwe huko kabla ya saa 72 kupita, na siri yake itunzwe.

Maswali ya kujadili

- Katika mtaa wetu, asiyekula huitwaje? Jina hilo linamsaidia au linamfukuza?
- Nani atakwenda kupatanisha mwenyeji na mgeni kabla sahani haijaleta vita?