Kwa Nini Mkimbiaji Hapiti

Mazungumzo ya Butembo, kati ya binti anayesoma Chuo Kikuu cha Graben na baba yake mkubwa, aliyesomea kilimo jimbo la Michigan miaka ya 1990.

BINTI: Baba mkubwa, nimekuja na swali la mpira, lakini si huu wetu wa miguu, wa uwanja wa Matokeo. Ni ule wa Kimarekani, anaocheza kaka chuoni kwake. Mechi zao nyingine huanza saa sita mchana huko, kwetu ni saa kumi na mbili jioni, nami nazifuata kwenye simu umeme ukiwepo. Kila Jumamosi ni yaleyale: anapewa mpira, anaingia katikati ya watu, anaangushwa. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha familia wameanza kusema amelegea, chakula cha huko kimemharibu.

BABA MKUBWA: Na wewe unasemaje?

BINTI: Mimi hata sijui nitazame nini.

BABA MKUBWA: Mpira unapoanzishwa, macho yako yanakuwa kwa nani?

BINTI: Kwa kaka. Si ndiye mwenye mpira?

BABA MKUBWA: Anao, lakini anapoushika, mambo yameshaamuliwa na wengine. Mbele yake kuna watu watano wakubwa waliojipanga mstari mmoja, wameinama. Yule wa katikati ndiye anayeupitisha mpira kati ya miguu yake kumpelekea mgawaji, na mgawaji ndiye anayemkabidhi kaka yako au anaurusha mbali. Zaidi ya hapo, hao watano kwa kawaida hawashiki mpira mechi nzima. Kazi yao ni kuwasukuma walinzi ili njia ifunguke. Na njia yenyewe haikai: inafunguka kwa upana wa mabega ya mtu, muda wa kupepesa macho, halafu inajifunga. Umewahi kupita barabara ya Manguredjipa wakati wa mvua?

BINTI: Mara moja. Fuso zilikuwa zimekwama, foleni ndefu, vijana wamezama matopeni hadi magotini wanachimba.

BABA MKUBWA: Dereva wa Fuso iliyokwama alikuwa na kosa gani? Anakanyaga mafuta, magurudumu yanazunguka, gari halitoki. Vijana wa majembe wasipofanya kazi yao, hata ungemweka dereva bora wa Kivu yote angelala palepale. Hao watano ndio wenye majembe. Sasa niambie: ulipokuwa unamtazama kaka yako, uliona hao watano wanafanya nini?

BINTI: Sikuwaangalia.

BABA MKUBWA: Hakuna anayewaangalia, na ndiyo maana watu wengi wanaokaa mbele ya televisheni hawajui timu yao inakwama wapi.

BINTI: Lakini hao watano ni majitu, baba mkubwa. Mtu wa kilo mia na arobaini anashindwaje kumsukuma mwenzake?

BABA MKUBWA: Kilo peke yake haimsogezi mtu. Anayeinuka wima mapema anasukumwa kifuani, anarudi nyuma, na akirudi nyuma anamkanyaga mkimbiaji wake mwenyewe. Anayebaki chini, magoti yamekunjwa, mikono ndani ya kifua cha mwenzake, miguu haisimami, huyo anashinda hata akiwa mwepesi. Kisha kuna jambo gumu zaidi, nalo ni kuelewana. Mara nyingi wawili wanamsukuma mlinzi mmoja kwa pamoja, halafu mmoja wao anamwacha na kwenda kumzuia wa nyuma yake. Amwache lini? Akimwacha mapema, mlinzi wa kwanza anapenya. Akichelewa, yule wa pili amekwisha kufika kwa kaka yako. Hakuna muda wa kuulizana. Wanajuana kwa bega, na bega hilo linajuana kwa mazoezi ya miezi mingi, ya watu walewale.

BINTI: Basi wakibadilishwa watu...

BABA MKUBWA: Umenitangulia. Mmoja akiumia goti, anahamishwa wa kulia kwenda kushoto, anaingia kijana ambaye hajacheza, na wanne waliobaki nao wanapotea. Tena siku hizi vyuo vya kule vina jambo ambalo sisi hatukulikuta. Zamani mchezaji wa mpira huu akihama chuo kikubwa kwenda kingine ilimlazimu kukaa nje msimu mmoja. Tangu 2021 waliruhusiwa kuhama mara moja na kucheza papo hapo, na 2024 kikomo hicho nacho kikaondolewa. Sisemi ni vibaya. Kijana ana haki ya kutafuta mahali pazuri, na sisi Wayira wa Butembo tungekuwa wa mwisho kumlaumu mtu anayehama kutafuta maisha. Lakini kocha anaweza kufungua msimu na watano waliokutana miezi michache tu iliyopita, na hilo huwezi kuliziba kwa kelele za uwanjani.

BINTI: Kaka aliniambia wawili wa mbele yake wametoka vyuo vingine mwaka huu.

BABA MKUBWA: Umeona. Haya, tuhesabu. Pale mbele wanaofungua njia ni watano, mara nyingi na mmoja wa pembeni anayewasaidia, wanakuwa sita. Walinzi wakiweka sita karibu na mstari, kila mmoja ana mtu wake. Wakiweka wanane?

BINTI: Wawili hawana wa kuwazuia.

BABA MKUBWA: Na hao wawili wanakwenda moja kwa moja kwa kaka yako. Ampige chenga mmoja, wa pili yupo. Sasa kwa nini wapinzani wanathubutu kuleta wanane, wakati nyuma wanaacha uwanja mtupu?

BINTI: Kwa sababu hawaogopi mpira kurushwa huko nyuma?

BABA MKUBWA: Ndiyo hiyo! Mgawaji wenu harushi vizuri, au anaowarushia hawaudaki, na wapinzani wameshatazama picha za mechi zilizopita, wanajua. Mtu akisema timu haiwezi kukimbia, uliza kwanza kama inaweza kurusha. Pasi mbili ndefu zikifika mapema, wale wawili wanarudi nyuma wenyewe na kaka yako anapata hewa. Na mgawaji mwenye miguu anasaidia kwa namna nyingine: akijifanya amempa kaka yako mpira kumbe amebaki nao, mlinzi mmoja lazima abaki kumchunga. Hapo tayari umempunguza mtu bila kumgusa.

BINTI: Nina jingine. Niliona kwenye habari za mechi kwamba timu yao ilikimbia yadi mbili na nusu tu kwa kila jaribio. Hiyo ndiyo iliyowakasirisha wajomba.

BABA MKUBWA: Ya timu au ya kaka yako?

BINTI: Ya timu.

BABA MKUBWA: Chukua kalamu. Kwenye mpira wa vyuo vya Marekani, mgawaji akiangushwa kabla hajarusha, yadi alizorudishwa nyuma zinakatwa kwenye mbio za timu. Kwa wale wanaolipwa, wa ligi kubwa, zinakatwa kwenye pasi. Vyuoni ni kwenye mbio. Sasa fanya mfano. Mkimbiaji kabeba mpira mara 15, kapata yadi 75. Ni ngapi kwa kila mara?

BINTI: Tano.

BABA MKUBWA: Yadi ni kama sentimita 91. Wana majaribio manne ya kupata yadi 10, kwa hiyo mwenye tano anafanya kazi njema kabisa. Siku hiyohiyo mgawaji kaangushwa mara nne, timu ikapoteza yadi 30. Andika tena.

BINTI: Majaribio 19. Yadi 45. Nikigawa... mbili na nukta nne.

BABA MKUBWA: Mkimbiaji hakuhusika na hata moja ya hizo nne. Huenda alikuwa amekaa benchi anakunywa maji. Nenda kaitafute hesabu yake mwenyewe kabla hamjamhukumu kwenye WhatsApp.

BINTI: Nitaitafuta leo. Lakini wewe ulianza lini kuupenda mchezo huu? Nilidhani huko ulisoma kahawa tu.

BABA MKUBWA: Niliusikia kwanza kwa sababu ya jina. Ilikuwa 1995, nchi yetu bado inaitwa Zaire, na mimi mgeni kwenye baridi ile. Jumamosi moja ya Novemba, tarehe 25, wenzangu wamewasha televisheni: Chuo Kikuu cha Michigan dhidi ya Ohio State, uwanja wa Ann Arbor umejaa watu zaidi ya 100,000. Ohio State walikuwa hawajafungwa na yeyote mwaka ule, wanashika nafasi ya pili nchi nzima, na mkimbiaji wao, Eddie George, mwezi uliofuata alipewa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo. Ghafla namsikia mtangazaji anahangaika kutamka jina: Biakabutuka. Nikasimama. Tshimanga Biakabutuka! Jina la nyumbani, mzaliwa wa Kinshasa, aliyekulia Quebec, Canada. Siku ile alipewa mpira mara 37 akapata yadi 313. Ni karibu mita 286, zote katikati ya watu wanaotaka kumlaza. Michigan wakashinda 31 kwa 23. Msimu mzima alifikisha yadi 1,818, rekodi ya chuo kile ya msimu mmoja.

BINTI: Basi yeye aliweza peke yake!

BABA MKUBWA: Nami nililidhani hilo, na ningelidhani hadi leo kama jirani yangu wa bweni asingenirudishia kanda ya video na kunifunikia mpira kwa kidole. Akaniambia, tazama hawa. Kushoto alikuwa Jon Runyan, katikati Rod Payne, kulia Jon Jansen, kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kucheza. Runyan alikuja kucheza miaka mingi ligi kubwa, na baadaye akawa mbunge wa Marekani. Jansen naye aliifikia ligi hiyo. Unamwona Biakabutuka anapita mahali ambapo mlinzi alikuwa amesimama sasa hivi, na mlinzi huyo amelala chini ya Runyan. Yadi za mwanzo zilikuwa za hao. Za mwisho zilikuwa zake: akishavuka mstari, yule Mkongomani alikuwa hashikiki, na hapo ndipo sifa yake ya kweli ilipo.

BINTI: Kwa hiyo mkimbiaji hana lawama kamwe?

BABA MKUBWA: Sikusema hivyo, na sitakudanganya kwa kuwa ni mtoto wetu. Ile video uliyonitumia juzi nimeiangalia mara nyingi. Kuna mahali anakimbilia nje kabla wenzake hawajamaliza kusukuma. Njia ilifunguka ndani, yeye ameshaondoka. Huo ni wasiwasi wa mtu aliyeangushwa mara nyingi: haamini tena kama mlango utafunguliwa. Mkimbiaji mzuri anaanza polepole, anausogelea mgongo wa mwenzake, anangoja, kisha anachomoka kwa nguvu zote. Kungoja huko ni kugumu, kwa sababu kunahitaji kuwaamini watu ambao jana walikuangusha.

BINTI: Na kocha je?

BABA MKUBWA: Naye yumo. Timu ikifungwa mapema, tuseme wako nyuma pointi 17, saa inakuwa adui: mbio zinakula muda, kocha anaacha kukimbia na kuanza kurusha kila mara. Kaka yako anapewa mpira mara nane mechi nzima, halafu watu wanashangaa hakuchangamka. Mkimbiaji anawachosha walinzi, na walinzi wanachoka mwishoni. Ukimwondoa kabla hawajachoka, hujaona lolote la kwake.

BINTI: Asante, baba mkubwa. Jumamosi nitazame nini sasa?

BABA MKUBWA: Kabla mpira haujaanza, hesabu walinzi walio karibu na mstari. Mpira ukianza, usimfuate kaka. Mtazame yule wa katikati na wawili wanaomgusa mabega: wanakwenda mbele au wanarudi? Fanya hivyo robo ya kwanza yote. Robo ya pili ndipo umtazame kaka, uone kama anangoja. Na kila mgawaji anapoangushwa, andika pembeni.

BINTI: Na nimwandikie nini kaka?

BABA MKUBWA: Muulize wale watano wanaitwa nani, wametoka wapi, nani ameumia. Na kama anakula nao mezani.