Duka Likiyumba, Mnunuzi Afanye Nini?

Huku kwetu Kilwa na pwani yote ya Lindi fedha nyingi huja kwa msimu. Ufuta ukishauzwa, na baadaye korosho, ndipo watu huingia madukani kutafuta friji, feni, redio au cherehani. Fedha hiyo haiji tena mpaka msimu mwingine. Basi mtu akiipeleka kwenye duka linaloyumba, anaweza kukaa mwaka mzima hana fedha wala chombo. Tujifunze jinsi ya kujikinga.

Tumetoka wapi?

Wazee wetu wanakumbuka. Mwaka 1973 kazi za Shirika la Taifa la Biashara, yaani STC, ziligawiwa kampuni za biashara za mikoa, zilizojulikana kama RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili maduka ya ushirika yashike nafasi yao, lakini mengi ya ushirika yalikuwa hayajawa tayari. Miaka ya mwanzo ya 1980 fedha za kigeni zikawa haba. Redio ikiharibika, kupata kipuri ilikuwa kazi kweli kweli. Mwaka 1984 Serikali ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa kutoka nje, na rafu zikaanza kujaa tena.

Siku hizi bidhaa zipo tele. Lakini fundisho ni lile lile: duka kuwa na jina kubwa si kinga, na chombo kisicho na vipuri ni pambo tu la sebuleni.

Dalili za duka linaloyumba

1. Rafu zinazidi kuwa tupu, na mwenye duka anasema kila siku, "Mzigo uko njiani."
2. Anadai ulipe fedha zote kwanza, chombo utachukua baadaye.
3. Bei inashushwa ghafla, na hataki kuandika risiti.
4. Fundi wa duka ameondoka, na vyombo vya wateja vimerundikana bila kutengenezwa.

Dalili moja haitoshi kumhukumu mtu. Mvua na barabara huchelewesha mizigo kweli. Mwezi Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika wilayani Kilwa. Lakini ukiona dalili tatu au nne pamoja, funga mkoba wako kwanza.

Usilipie kitu usichokiona

Tuseme umelipia friji ambayo "iko stoo". Baada ya wiki duka linafungwa. Je, friji ni yako? Kisheria, bidhaa haiwi mali ya mnunuzi kabla haijajulikana ni ipi hasa. Kama haikutengwa kwa ajili yako, wewe ni mdai tu, na utasimama foleni pamoja na wadai wengine. Benki yenye dhamana hutangulia mbele yako.

Kwa hiyo ikague, iwashwe mbele yako, kisha uondoke nayo. Ikibidi uiache, risiti iandikwe jina lako, aina ya chombo, fedha ulizolipa na ile namba iliyopigwa nyuma ya chombo. Kumbuka pia kwamba ukiikagua dukani na kuacha kasoro inayoonekana wazi, baadaye itakuwa vigumu kuilalamikia. Chukua muda wako, usione haya.

Waranti ni ya nani?

Waranti ni ahadi ya kutengeneza chombo bure kikiharibika ndani ya muda uliotajwa. Soma kadi: aliyeahidi ni kiwanda au ni duka? Ahadi ya duka inaweza kufa pamoja na duka. Ahadi ya kiwanda hubaki, mradi una kadi na risiti. Uliza pia fundi wake yuko wapi: Lindi mjini, au mpaka Dar es Salaam?

Tupige hesabu

Huu ni mfano tu. Duka la kwanza linauza friji sh. 600,000, waranti ya kiwanda mwaka mmoja, fundi yuko Lindi. Duka la pili linafunga biashara, linauza sh. 510,000 bila waranti. Unaona umeokoa sh. 90,000. Mwezi wa tatu mashine ya friji inakufa. Matengenezo sh. 180,000, usafiri kwenda Dar na kurudi sh. 60,000. Jumla umetoa sh. 750,000. Rahisi imekuwa ghali!

Lakini sufuria, ndoo au meza havihitaji fundi. Vitu vya namna hiyo, ukivikuta kwenye duka linalofunga, nunua bila wasiwasi.

Matunzo ya pwani

Upepo wetu una chumvi, na chumvi huleta kutu. Futa vyombo vya chuma kwa kitambaa kikavu. Cherehani itiwe mafuta yake, si mafuta ya kupikia. Friji iliyosafirishwa kwa gari isimame wima saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Iache nafasi nyuma ipumue. Barafu usiikwangue kwa kisu. Zima friji, iyeyuke yenyewe. Weka kifaa cha kuilinda umeme unapopanda na kushuka.

Ukidhulumiwa, usikae kimya. Nenda na risiti yako kwa mwenye duka kwanza. Akikataa, ipo Tume ya Ushindani, FCC, inayowalinda watumiaji wa bidhaa, na zipo mahakama. Karatasi uliyoweza kuisoma na kuitunza ndiyo shahidi wako.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Ni dalili zipi za duka linaloyumba mmeziona kwenu?
2. Kwa nini namba ya chombo iandikwe kwenye risiti?
3. Chukueni kadi moja ya waranti, isomeni pamoja. Nani ameahidi, na kwa muda gani?