Unasihi kwa Njia ya Simu: Neno la Siri Kabla ya Habari

Kwa kuwa yamekithiri malalamiko ya kwamba wanasihi wetu hukata simu pasipo kuaga, tumeona ni wajibu kuwabainishia raia, hususan waraibu wa dawa za kulevya walio katika matibabu na jamaa zao, sababu ya jambo hilo, ambalo si jeuri wala dharau, bali ni kuchunga amana.

Simu katika nyumba nyingi ni ya shirika: mume huishika, na mke, na watoto, hata jirani. Mraibu anayejitahidi kuacha heroini akisikiwa akimweleza mnasihi kwamba arosto imemzidi, au kwamba jana alirudi kijiweni, siri hiyo yaweza kumfikia mwajiri wake kabla ya magharibi, na fedheha ikamrejesha kule kule alikotoka. Ndiyo maana Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imezihesabu habari za afya kuwa taarifa nyeti.

Basi siku ya kwanza, ana kwa ana, wewe na mnasihi wako mtapatana neno la siri. Kila akupigiapo hatataja kituo, wala dawa, wala maradhi, mpaka ulitamke; usipolitamka, atakata. Ukiwa na watu karibu, usilitamke. Usimpe mtu neno hilo, ajapokuwa mama yako mzazi. Twakariri: usimpe mtu.

Twafahamu jinsi wazazi wanavyosononeka kutengwa na mazungumzo ya mwana waliyemlea. Lakini mtu mzima ana siri yake, na atakaye kushirikishwa na aje kituoni pamoja naye, kwa ridhaa yake. Huduma ni ya watu wazima walioandikishwa; masharti mengine ataeleza afisa ustawi wa jamii.

Twaona fahari kwa utaratibu huu, wala hatutaulegeza. Hata hivyo simu haiondoi safari ya kliniki: methadone, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, na akwambiaye kwamba maongezi yatosha badala ya dozi amekupotosha.

Aliyesahau neno lake asibuni jingine simuni. Na afike kituoni mwenyewe, apatane jipya na mnasihi wake.