Mandrili: Je, ni Nyani?

Utangulizi

Waswahili husema kuwa nyani haoni kundule. Methali hii humsuta mtu asiyetambua aibu yake ilhali ya mwenziwe huiona. Katika misitu ya mvua ya Afrika ya Kati, hata hivyo, yumo mnyama ambaye makalio yake si aibu bali ni pambo. Mnyama huyo ni mandrili. Kwa kuwa si mwenyeji wa nchi za Waswahili, mara nyingi huelezwa kuwa ni aina ya nyani. Makala hii inachunguza maumbile yake na kubainisha iwapo maelezo hayo yanamstahili.

Makazi na Maisha

Mandrili (Mandrillus sphinx) hupatikana Kameruni kusini mwa mto Sanaga, Guinea ya Ikweta upande wa bara, Gabon, na kusini-magharibi mwa Kongo-Brazzaville. Ndiye mkubwa kuliko kima wote duniani. Dume aliyekomaa huweza kuzidi kilo 30, ilhali jike huwa mdogo mno kwake. Mchana hutembea ardhini wakitafuta matunda, mbegu, uyoga na wadudu. Usiku hulala mitini. Katika Mbuga ya Taifa ya Lopé nchini Gabon, watafiti wamehesabu makundi yenye zaidi ya mandrili 600. Wengi wao huwa ni majike na watoto, kwani madume wengi waliokomaa huishi kando na kurejea kundini msimu wa kujamiiana.

Rangi na Cheo

Mwaka 1871, Charles Darwin alieleza kwamba hakuna mamalia mwenye rangi za ajabu kumshinda mandrili dume. Pua yake ni nyekundu, mashavu yana matuta ya samawati, ndevu ni za manjano, na makalio yamechanganya wekundu, samawati na zambarau. Samawati hiyo haitokani na chembe za rangi, bali na mpangilio wa nyuzi za kolajeni ngozini unaotawanya mwanga. Wekundu nao hutokana na damu iliyo karibu na ngozi, na hutegemea homoni. Dume akitwaa uongozi, wekundu wake hukolea, akipinduliwa, hufifia. Uso wake, basi, ni tangazo la cheo. Mnyonge humwepuka aliyekolea rangi, na ugomvi huzuka zaidi baina ya madume wanaokaribiana kwa wekundu.

Nasaba

Kwa muda mrefu wanasayansi walimweka mandrili katika jenasi moja na nyani kwa sababu ya pua yake ndefu kama ya mbwa. Uchunguzi wa jeni katika miaka ya 1990, pamoja na ule wa mifupa na meno uliochapishwa mwaka 1999, ulibainisha vingine. Magego yake yenye nguvu ya kupasua mbegu ngumu, na mikono iliyoumbiwa kupekua ardhini, vinamhusisha na mangabei wa jenasi ya Cercocebus. Miongoni mwa hao ni mangabei wa Mto Tana, asiyepatikana popote duniani ila katika vipande vya misitu kando ya mto huo nchini Kenya. Ndugu wa mandrili, kwa hiyo, yuko karibu kuliko inavyodhaniwa.

Hitimisho

Ni dhahiri kuwa mandrili si nyani, na kosa hili si la msamiati tu. Kwa mkulima, nyani ni mharibifu wa mahindi, mnyama tele asiyehitaji ulinzi. Mandrili anawindwa kwa ajili ya nyama na misitu yake inakatwa, hata ameorodheshwa kuwa hatarini. Mangabei wa Mto Tana yuko katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka. Anayeitwa kwa jina la walio wengi huhesabiwa miongoni mwao, na akipungua hakuna agutukaye. Inafaa basi Kiswahili kimpe mandrili jina lake, na mangabei lake, ili wajulikane kabla hawajatoweka.