Kutembea, Kutembezwa na Kutembelea: Istilahi ya Kiunzi cha Roboti katika Fiziotherapia

Istilahi za tiba aghalabu hujadiliwa kana kwamba mtumiaji wake ni mwanaisimu peke yake. Makala haya yanaziangalia kutoka katika chumba cha mazoezi ya viungo, ambamo mgonjwa aliyepooza miguu anasubiri kuambiwa la kufanya. Mjini Kisumu, mgonjwa huyo huenda anafikiri kwa Dholuo, tabibu wake alisomea taaluma yake kwa Kiingereza, na Kiswahili ndicho daraja baina yao. Katiba ya Kenya ya 2010 iliifanya lugha hii kuwa rasmi; haikuipa istilahi.

Kifaa kinachozungumziwa ni fremu inayofungwa kiunoni, mapajani na miguuni. Mota za nyonga na magoti huikunja na kuinyoosha miguu kwa nguvu za betri, huku vihisio vikipima mwinamo wa mwili. Katika aina nyingi, mgonjwa akiegemea mbele na kuhamisha uzito, hatua huanza.

Huenda ikadaiwa kwamba ni mapema mno kukipa jina kifaa kinachogharimu makumi ya maelfu ya dola, ilhali pau sambamba, fremu na magongo ndivyo vifaa vilivyozoeleka. Dai hilo linasahau jinsi majina yanavyozaliwa katika eneo hili. Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti na kufunguliwa 1969, ingali inaitwa Russia na wenyeji. Neno 'bodaboda' nalo lilitoka mpakani Busia bila kusubiri kamati yoyote, na ajali za bodaboda ni miongoni mwa mambo yanayowafikisha watu katika chumba hicho cha mazoezi. Wataalamu wakichelewa, watumiaji hawachelewi.

Tafsiri ya kwanza inayojitokeza ni 'mifupa ya nje'. Hiyo ni tafsiri sisisi, na katika wodi ya majeruhi inatisha: mfupa ulio nje ni mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. 'Gamba' ni fupi, lakini kando ya ziwa neno hilo humkumbusha msikilizaji ngege anayeparuliwa. Tena gamba hufunika tu, haliendeshi kitu. 'Kiunzi' lina nasaba na kitenzi 'unda', kitenzi cha waunda vyombo, na tayari hutumika kwa mifupa ya mwili ikiwa pamoja. Kwa kigezo cha uangavu, mojawapo ya vigezo vya PEGITOSCA vya Kiingi, 'kiunzi' ndilo lifaalo.

Hata hivyo, nomino ndiyo sehemu rahisi. Uzito uko katika kitenzi. Mgonjwa aliye ndani ya kiunzi anatembea, anatembezwa, au anakitembelea? Kauli ya kutendeshwa humfanya mzigo: mashine inafanya kazi, yeye anasafirishwa. Kauli ya kutendea, kama katika 'kutembelea mkongojo', humwacha akiwa mtenda na kukifanya kifaa kuwa nyenzo. Tofauti hii ni ya kitabibu pia. Kwa aliyepatwa na kiharusi, tabibu anaweza kupunguza msaada wa mota kadiri mgonjwa anavyopata nguvu, kwa kuwa mwili unaobebwa tu haujifunzi sana. Mgonjwa aliyeambiwa 'leo utatembezwa' amepewa ruhusa ya kulegea.

Mfano wa Amit Goffer, mhandisi wa Israeli, unaliweka jambo hili wazi. Alipooza kutokana na ajali ya mwaka 1997, akabuni kiunzi kiitwacho ReWalk, ambacho mwaka 2014 kiliidhinishwa Marekani kutumiwa nyumbani. Yeye mwenyewe hakuweza kukitumia, kwani kilihitaji mikono yenye nguvu ya kushika magongo, na mikono yake haikuwa nayo. Kiunzi hicho hakikumtembeza mtu; kilitembelewa.

Kwa hiyo 'kiunzi cha kutembelea', sambamba na 'fremu ya kutembelea', ndiyo istilahi inayopendekezwa hapa. Neno 'roboti' liongezwe pale tu panapohitajika kukitofautisha na viunzi visivyo na mota. Pingamizi moja lina mashiko: hospitalini 'kutembelea' pia ni kumjulia hali mgonjwa. Lakini yambwa huondoa utata huo. Kibao cha saa za kutembelea wagonjwa hakijawahi kumfanya mtu adhani kwamba wagonjwa ni magongo.